Deni la Kisangani

Mheshimiwa Mwenyekiti, ndugu wasikilizaji,

Mwezi Juni 2000, majeshi ya Uganda na Rwanda yalipigana kwa siku sita ndani ya mji wa Kisangani, huko Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, katika nchi isiyokuwa ya yeyote kati yao, na makombora yao yakawaangukia wakazi wasio na ugomvi na upande wowote. Tarehe 16 mwezi huohuo Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilitamka, katika azimio namba 1304, kwamba serikali hizo mbili zinapaswa kuwafidia. Fungu la kwanza lililipwa mwaka 2022, na lililipwa na serikali moja tu.

Rwanda haikuridhia mamlaka ya Mahakama ya Kimataifa ya Haki, na mahakama hiyo haiihukumu dola isiyoridhia. Uganda ilikuwa imeridhia. Mwaka 2005 ikaonekana kuwa imevunja sheria ya kimataifa, na Februari 2022 ikaamriwa kulipa dola milioni 325 kwa miaka mitano: milioni 225 kwa ajili ya madhara yaliyowapata watu, 40 kwa ajili ya mali zao, na 60 kwa ajili ya maliasili. Kongo ilikuwa imedai zaidi ya dola bilioni 11. Pengo hilo lina sababu nyingi, lakini ninayotaka tuiangalie ni ushahidi, ambao kwa sehemu kubwa haukupatikana, hata mahakama ikalazimika kukadiria kwa jumla.

Mwezi mmoja kabla ya hukumu hiyo, Iraki ilikuwa imemaliza kulipa dola bilioni 52.4 kwa sababu ya kuivamia Kuwait mwaka 1990. Fedha hizo zilikatwa kwenye mauzo ya mafuta yake, kwa kiwango kilichofikia asilimia 30 katika miaka ya mwanzo, na madai ya watu binafsi, wakiwemo vibarua wageni waliokimbia Kuwait, yakatangulizwa mbele ya madai ya makampuni na serikali.

Wapo wasemao kwamba utaratibu huo uliwalipisha Wairaki deni la mtawala ambaye hawakumchagua. Hoja hiyo ni nzito, nami naikubali kwa sehemu: kiwango cha makato kizingatie njaa ya raia, na baadaye kweli kilishushwa hadi asilimia 5, kisha 3. Lakini nani mwingine alipe? Mfadhili akijenga upya kwa mkopo, mjane wa Kisangani anakuwa mdaiwa wa nyumba aliyobomolewa.

Kwa hiyo nasema mchokozi alipe, na kazi ya kumlipisha ianze vita vikiwa bado vinaendelea, kwa kuandika jina la kila aliyeuawa na kila nyumba iliyoangushwa, mashahidi wakiwa hai. Huko huko Kongo, upande wa mashariki, mji wa Goma ulitekwa Januari 2025, na Bukavu mwezi uliofuata. Daftari la miji hiyo liandikwe sasa.