Maabara ya kompyuta Makerere wanatafiti nini hasa? Mihogo, hadubini, redio na hewa ya Kampala

BARAKA: Haya karibuni tena wasikilizaji, mi ni Baraka, niko na dada Zuhura, na leo tunaenda Kampala, Chuo Kikuu cha Makerere, kwenye maabara yao ya akili mnemba, maana wanafunzi wengi mmetuandikia mnauliza hivi maabara ya sayansi ya kompyuta inatafiti nini hasa.

ZUHURA: Asante kaka. Na swali lenu ni la maana sana, kwa sababu ukimtajia mtu maabara ya kompyuta anawaza kile chumba cha shule, mashine zimepangwa mstari, mnaingia mnafundishwa kuandika barua mnatoka. Hii ni kitu kingine kabisa. Hawa ni watu wanakaa na swali moja miaka na miaka, na ukiyafuatilia maswali ya Makerere utaona hawajayaazima popote, ni mambo wanayokutana nayo wenyewe, shamba, zahanati, barabarani.

BARAKA: Tuanze na shamba basi.

ZUHURA: Shamba ndo penyewe. Muhogo una magonjwa mawili makubwa huku kwetu, kuna batobato, jani linajikunja linatoka mabaka ya njano, alafu kuna michirizi ya kahawia, na huu wa pili ndo mbaya zaidi kwa sababu jani linaweza likaonekana lina nafuu, mkulima anasubiri miezi yote hiyo, siku ya kuchimba anakuta mzizi umeoza ndani. Yote mawili ni virusi, yanasambazwa na nzi weupe, na yanasambazwa na sisi wenyewe tukipeana pingili zenye ugonjwa. Huo wa michirizi ulielezwa kitaalamu mara ya kwanza miaka ya 1930 hapa hapa Tanganyika, kituo cha Amani kule milima ya Usambara.

BARAKA: Sasa hapo kompyuta inaingiaje, si kazi ya bwana shamba hiyo?

ZUHURA: Inaingia hivi. Wataalamu wa kilimo wa Namulonge, kile kituo cha utafiti wa mazao cha Uganda, walikuwa wanazunguka mashamba, kila mmea wanaupa alama 1 mpaka 5 kulingana na ugonjwa ulivyouingia, na wale nzi weupe wanawahesabu kwa macho, yaani mtu anageuza jani anahesabu moja moja. Mashamba ni mengi, watu wachache, taarifa ikifika ofisini ugonjwa umeshahama wilaya. Ndo watafiti wa Makerere, kina Ernest Mwebaze na John Quinn, wakasema tujaribu kamera ya simu, na 2010 walikuwa wameshachapisha kazi ya kutambua batobato kwa picha. 2010 bwana! Kabla hata haya mambo ya akili mnemba hayajashika kasi.

BARAKA: Na modeli zenyewe, yaani hizo programu zinazojifunza kutokana na picha, zikoje?

ZUHURA: Modeli ntazigusa, ila ngoja kwanza niseme kitu ambacho mi kinaniuma. Watu wakisikia utafiti wa akili mnemba wanawaza modeli tu. Kazi nzito Makerere imekuwa ni data, wakulima wamepiga picha wenyewe na simu zao, jua kali, mkono unatikisika, jani lina udongo, alafu wataalamu wakakaa na zile picha wakaandika moja moja hii batobato, hii michirizi, hii nzima. Mwishoni mwa 2020 picha elfu 21 na ushee wakaziweka kwenye mashindano ya Kaggle, tovuti ambayo watu wanashindana kutengeneza modeli, zawadi dola 18,000, zikaingia timu zaidi ya 3,000 za dunia nzima. Na unajua waliokuwa juu kabisa walifika wapi? Picha walizozipatia ni asilimia 91 hivi.

BARAKA: Mbona si mbaya?

ZUHURA: Si mbaya lakini angalia, zaidi ya nusu ya zile picha ni batobato, kwa hiyo programu ambayo haijajifunza chochote, inasema tu batobato batobato kila picha, inapata zaidi ya nusu. Hapo sasa ndo sayansi ya kompyuta yenyewe, unaipimaje modeli wakati ugonjwa mmoja umejaa na mwingine ni nadra? Jani moja likiwa na magonjwa mawili unaandika lipi? Na wataalamu wawili wakibishana juu ya picha moja unamfuata nani? Hayo si maswali ya kilimo, ni maswali ya kompyuta kabisa, na huwezi kuyajua kama hujashika data yenyewe.

BARAKA: Sawa nimekuelewa dada. Alafu kuna ile ya malaria.

ZUHURA: Ile naipenda. Zahanati nyingi hadubini ipo, mtu wa kuangalia ndo shida, mmoja, foleni ndefu, macho yamechoka. Wakatengeneza kishikio kwa printa ya 3D, unafunga simu kwenye lenzi ya kuangalizia, inapiga picha ya damu, programu inaweka alama pale inapodhani kuna kimelea cha malaria. 2016 walichapisha wakaonyesha njia ileile inafanya kazi kwa vijidudu vya TB kwenye makohozi na mayai ya minyoo kwenye kinyesi. Anayeamua bado ni mtaalamu, programu inamwonyesha pa kuangalia.

BARAKA: Mi nije na redio kidogo, hii imenikaa sana. Vijijini Uganda watu wengi hawako mitandaoni ila wanapiga simu redioni, wanalalamika zahanati haina dawa, mvua imebeba daraja, yote yanasemwa hewani kwa Kiganda, Kiacholi, yanapotea. Umoja wa Mataifa kupitia ofisi yao ya Pulse Lab Kampala wakashirikiana na watu wa Makerere na Chuo Kikuu cha Stellenbosch cha Afrika Kusini kutengeneza programu inayosikiliza redio na kunasa maneno fulani. Ugumu ni kwamba hizo lugha rekodi zilizoandikwa maneno yake ni chache mno, kwa hiyo huwezi kuchukua njia za Kiingereza ukazibandika tu.

ZUHURA: Na mtangazaji anachanganya Kiganda na Kiingereza kwenye sentensi moja, mashine inachanganyikiwa.

BARAKA: Kabisa. Na hewa je?

ZUHURA: Hewa ni mradi unaitwa AirQo, uko idara ya kompyuta hapohapo chuoni, ilianza 2015, anaongoza Profesa Engineer Bainomugisha, na Engineer hapo ni jina lake kabisa. Wanaunda vifaa vidogo vya kupima vumbi laini la PM2.5 lile linalofika mpaka ndani ya mapafu, vingine wakavifunga kwenye bodaboda vizunguke mji. Kifaa cha bei rahisi kinadanganywa na unyevu, kwa hiyo wanakilinganisha na mashine kubwa ya uhakika, alafu modeli inasahihisha namba. 2021 Google.org, mkono wa misaada wa kampuni ya Google, wakawapa ruzuku ya dola milioni 3 kupeleka miji mingine ya Afrika.

BARAKA: Sasa mwanafunzi yuko Mbeya au Kisumu anatusikiliza, anataka kuanza, aanzie wapi?

ZUHURA: Maharage. Haohao Makerere wana seti ya picha za majani ya maharage, 1,295 tu, makundi matatu, ugonjwa wa doa pembe, ugonjwa wa kutu na jani lisilo na ugonjwa, ni bure mtandaoni, na ni ndogo kiasi kwamba laptop ya kawaida inaimudu. Ishushe, na kabla hujaandika hata mstari mmoja wa programu fungua picha 100 uziangalie kwa macho yako, uandike pembeni zipi hata wewe zimekushinda. Hizo zilizokushinda tutumieni, tutazijadili hapa kipindi kijacho.