Bomba Likipasuka, Nani Anaitwa?

Mhadhara kwa wenyeviti wa vijiji na kamati za maji, Njombe

Kamwene! Wazee wangu, mama zangu, waheshimiwa madiwani, nashukuru kwa nafasi. Nimeombwa nizungumzie wajibu wa Serikali kwa huduma na mali ya umma. Tukiingiza barabara na zahanati tutalala humu ndani, kwa hiyo nitasema maji tu, tena maji ya mserereko, haya yanayoshuka mlimani bila mashine.

Mwaka 1971 Serikali ilijiwekea lengo kwamba ifikapo 1991 kila mwananchi wa kijijini achote maji safi ndani ya mita 400 kutoka nyumbani. Maji yalikuwa bure. Serikali ilijenga, Serikali ikatengeneza. Huku kwetu, wakati Njombe ikiwa bado wilaya ya mkoa wa Iringa, Denmark kupitia DANIDA, shirika lake la misaada, ilisaidia kujenga miradi mingi Iringa, Mbeya na Ruvuma. Nadhani wapo humu waliochimba mitaro ile. Lengo halikufikiwa, na mwaka huohuo wa 1991 ikaja sera ya uchangiaji. Sera ya 2002 ikaenda mbali zaidi: kijiji kimiliki mradi na kibebe gharama za uendeshaji na matengenezo.

Hapo ndipo nataka tukae.

Siku ya makabidhiano kijiji hukabidhiwa nini hasa? Utepe unakatwa, ngoma inapigwa, mwenyekiti anapewa ufunguo wa chemba, watu wanakula pilau. Michoro inaondoka na gari la wageni. Miaka inapita, fundi wa kijiji anatafuta bomba kwa jembe katikati ya shamba la viazi, anakisia tu. Akilikuta limepasuka analifunga kwa vipande vya tyubu ya baiskeli, anakaza kwa waya, maji yanapunguza kuvuja, anarudi nyumbani. Fuateni bomba kuu la mradi wowote mkongwe mtaziona hizo bandeji. Simdharau fundi, bila yeye mngeshazoea kuchota mtoni. Lakini ule si ukarabati.

Kubadili koki ya kilula, pale tunapochotea maji, kumlipa mlinzi wa chanzo, kusafisha tanki: hiyo ni kazi yetu watumiaji, na ada inaitosha kama inakusanywa na mapato yakasomwa kwenye mkutano wa kijiji. (Yasiposomwa watu wanagoma kulipa, na mimi siwalaumu.) Kung'oa bomba kuu lililochoka, kilomita kwa kilomita, na kulaza jipya ni jambo jingine kabisa. Hakuna ada ya ndoo itakayolinunua. Anayewaambia wanakijiji kwamba hilo nalo ni lao kwa sababu walisaini hati ya makabidhiano anakwepa.

Sheria ya maji ya 2019 ilirudisha sehemu ya mzigo kwa Serikali. Ilianzisha RUWASA, wakala wa Serikali wa maji vijijini, wahandisi wa maji wa halmashauri wakahamia huko, na vyombo vya watumia maji, hizi CBWSO zetu, vikapata wa kuvisimamia. Ni hatua nzuri. Ila msimamizi asiye na fungu la kubadili bomba atabaki kuwa mkaguzi wa bandeji.

Viongozi wakija huku wanapenda kutusomea ibara ya 27 ya Katiba, kwamba kila mtu ana wajibu wa kulinda mali ya umma. Sawa, tunaikubali. Basi wasome na ibara ya 8: lengo kuu la Serikali ni ustawi wa wananchi, na Serikali itawajibika kwa wananchi. Zote mbili zimo katika kitabu kimoja.

Kwa hiyo msimu wa bajeti ukifika, kabla hamjaomba mradi mpya, mwulizeni meneja wa RUWASA wa wilaya mambo matatu. Bomba letu kuu lililazwa mwaka gani? Limo kwenye rejesta ya mali? Fedha za kulibadili zimewekwa kwenye bajeti ya mwaka gani? Akijibu, andikeni. Akisema atafuatilia, andikeni hivyohivyo kwenye muhtasari, na tarehe.

Naona mama pale nyuma amenyoosha mkono muda mrefu. Mpeni kipaza sauti.