Kusi Inapofika Himalaya: Kuzuru Nepal Wakati wa Mvua

Mabibi na mabwana,

Nimetakiwa nieleze kama ni busara kuzuru Nepal kati ya Juni na Septemba, miezi ambayo wasafiri wengi huikimbia. Nitaanza na upepo, kwa kuwa upepo wenyewe tunaujua. Kusi ya kwetu, ile iliyokuwa ikiyarudisha majahazi Arabuni na Bara Hindi, huvuka ikweta kwenye pwani ya Afrika Mashariki, ikapinda juu ya Bahari ya Arabu huku ikizoa mvuke, na kwa kawaida mvua yake huanza Kerala mnamo tarehe 1 Juni. Nepal huifikia karibu katikati ya mwezi huo, kwa njia ya Ghuba ya Bengal. Wazungu waliupa upepo huu jina la monsuni kutokana na neno la Kiarabu mawsim, ambalo kwetu ndilo msimu.

Katika miezi hiyo minne Nepal hupata takriban asilimia 80 ya mvua yake ya mwaka, lakini haigawiwi sawasawa. Kijiji cha Lumle, kusini mwa safu ya Annapurna, hupata zaidi ya milimita 5,000 kwa mwaka. Jomsom, iliyoko nyuma ya safu hiyohiyo, umbali usiofika kilomita 60 kwa mstari ulionyooka, haipati hata 300. Hewa yenye mvuke hulazimika kupanda mlima, hupoa na kumwaga maji yake upande wa kusini, na inayofika ng'ambo huwa imekwisha kukamuka. Kwa hiyo anayeniuliza aende lini, mimi humuuliza kwanza anakwenda upande gani.

Upande wa kusini una ruba, tena wengi, na vilele vinaweza kufunikwa na mawingu kwa siku kadhaa. Hata hivyo mvua nyingi hunyesha usiku, na anayeamka alfajiri mara nyingine huufuma mlima ukiwa wazi kwa saa moja au mbili. Mvua hainitishi, barabara ndiyo inayonitisha. Tarehe 12 Julai 2024 maporomoko ya ardhi yaliyasukuma mabasi mawili katika mto Trishuli, wilayani Chitwan, kabla ya mapambazuko, nayo yalikuwa na abiria zaidi ya 60. Usisafiri usiku, na usipange ratiba ambayo siku moja ya kufungwa kwa barabara itaivuruga yote.

Upande wa nyuma ni Mustang, nchi kavu ya miamba ya rangi ya udongo, na huko ndiko ningempeleka mgeni mwezi wa Julai. Ndege za kutoka Pokhara kwenda Jomsom huruka asubuhi, kwa sababu adhuhuri upepo wa bonde la Kali Gandaki, lililo kati ya Annapurna yenye mita 8,091 na Dhaulagiri yenye mita 8,167, huvuma kwa nguvu mno. Lakini ukavu huo nao si dhamana. Agosti 2023 mafuriko ya matope yaliharibu nyumba na madaraja katika kijiji cha Kagbeni, na zile nyumba za udongo zenye paa bapa, ambazo wajenzi wake hawakutazamia mvua kubwa, sasa zinavuja.

Mtu akiniambia ana siku chache tu na hawezi kufika Mustang, humshauri awepo kwenye mabonde ya mpunga ya upande wa kusini siku ya 15 ya mwezi wa Asar wa kalenda ya Kinepali, ambayo huangukia karibu na tarehe 29 Juni. Siku hiyo wakulima hupandikiza mpunga kwa nyimbo, hurushiana matope mashambani, kisha hula maziwa ya mgando pamoja na chiura, mchele uliopondwa ukawa bapa, ambao mtu wa Rufiji au Pemba akiuonja ataita pepeta bila kuuliza.