Paka wa Ghorofani Anakula Nini?

Mhadhara uliotolewa na daktari wa mifugo mbele ya wafugaji wa paka, Dar es Salaam

Asalaam aleikum, na wengine wote habari za jioni. Wazee wangu mliokaa mbele, shikamooni.

Nimeombwa nizungumzie chakula cha paka kinachopikwa nyumbani, na najua wengi mmekuja na swali moja: ugali na dagaa unamfaa paka au haumfai? Nalijibu sasa hivi ili msikae roho juu. Dagaa wanamfaa, ugali ni wa kujazia tumbo tu, na yaliyobaki yanategemea kama paka wako anatoka nje au hatoki.

Hilo la kutoka nje ndilo nililokuja nalo. Kila nikimwambia mtu kwamba ugali hautoshi, ananijibu: "Daktari, paka wa bibi yangu kule Pangani alikula ukoko maisha yake yote na akazeeka." Sikatai. Lakini bibi alikuwa akilala saa tatu usiku, na paka naye alikuwa akianza kazi saa tatu usiku. Panya wa darini, mjusi kafiri wa ukutani, panzi, mende, kifaranga cha jirani ambacho kesho yake kililetea ugomvi. Ukoko wa bibi ulikuwa nyongeza. Chakula chenyewe paka alikitafuta mwenyewe, na bibi hakuwahi kukiona. Tena tuseme kweli, paka wengi wa mtaani walikufa wadogo, ila hatukuwahesabu. Tunamkumbuka yule mmoja aliyezeeka.

Panya mdogo wa nyumbani ana takriban kalori 30. Paka wa kilo 4 anahitaji kama kalori 200 hadi 250 kwa siku. Piga hesabu mwenyewe: panya saba, wanane. Na ndani ya panya mmoja kuna nyama, moyo, ini, damu, mifupa na maji, vyote kwa pamoja. Ndiyo sahani ambayo mwili wa paka uliumbiwa.

Mnaijua ile hadithi ya Mtume, iliyomo katika Bukhari na Muslim, ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka. Alimfungia mpaka akafa: hakumlisha, wala hakumwacha ale vijidudu vya ardhi. Mimi si shehe, na mashehe wapo humu watanikosoa nikiteleza. Ila kama daktari wa mifugo nasikia mle ndani njia mbili, ama umlishe, ama umwache ajitafutie. Sasa njoo kwenye ghorofa za Upanga na Kariakoo. Madirisha yana nondo na wavu, paka hajawahi kukanyaga udongo. Siwalaumu, maana nje kuna magari, mbwa na sumu ya panya. Lakini ukishafunga hiyo njia ya pili, ile ya kwanza yote imekuangukia wewe. Hapo ukoko wa bibi ukibaki peke yake unakuwa njaa ya polepole, hata kama tumbo la paka limejaa.

Njaa yenyewe huwa hivi. Mwili wa binadamu unajitengenezea kitu kinachoitwa taurini. Mbwa naye kwa kawaida anajitengenezea. Paka anatengeneza kidogo mno, hakimtoshi, kwa hiyo lazima aile, na inapatikana kwenye nyama na samaki. Kwenye mahindi haimo, kwenye mchele haimo, kwenye mchicha haimo. Mwaka 1975 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba paka akikosa taurini, sehemu ya nyuma ya jicho inayopokea mwanga inaharibika, na akishapofuka kwa njia hiyo haponi. Mwaka 1987 Paul Pion na wenzake wa chuo cha Davis, California, wakaonyesha kwamba hata moyo unatanuka na kulegea kwa sababu hiyohiyo. Na hapa wenye kuabudu chakula cha dukani wanisikilize: baadhi ya wale paka wa 1987 walikuwa wakila chakula cha kiwandani, tena cha makampuni yenye sifa. Viwanda viliongeza taurini baada ya hapo.

Basi ukienda bucha usiombe steki. Omba moyo. Moyo wa ng'ombe au wa kuku una taurini nyingi, na bei yake ni nafuu. Kwa kuku, paja linashinda kidari, kwa sababu ile nyama nyeusi inayo zaidi. Na taurini inayeyuka kwenye maji: ukichemsha moyo ukamwaga supu, umeimwaga pamoja na supu. Chemsha kwa maji machache, kisha mpe na supu yake, mradi haina chumvi wala viungo.

Sasa angalieni hii picha, wa nyuma sogeeni. Ni eksirei ya kitoto cha paka wa miezi minne, aliyeletwa kwangu anachechemea baada ya kuruka kutoka kwenye kochi. Kochi tu. Mifupa ilitakiwa ionekane myeupe kabisa, lakini hapa imefifia, karibu ifanane na nyama iliyoizunguka. Huu mguu wa nyuma umevunjika, na huku kwenye uti wa mgongo kuna pingili iliyobonyea. Mwenyewe alikuwa akimlisha nyama ya kusaga safi, isiyo na mfupa, kila siku, kwa mapenzi yote. Nyama ina fosforasi nyingi na kalsiamu kidogo sana. Damu ikipungukiwa kalsiamu, mwili unaichota kwenye mifupa, na kitoto kinachokua kinaisha kwa ndani huku manyoya yake yanang'aa. Tulimtuliza kwenye kizimba kidogo, tukarekebisha chakula, akapona, ila mgongo umebaki na kibyongo.

Ndiyo maana niliwasifia dagaa. Huyu hapa mkononi mwangu ni dagaa wa Mwanza. Tazameni, ana kichwa, ana tumbo, ana miba laini inayotafunika. Paka anammeza mzima, na kalsiamu inakwenda naye. Lakini kuna masharti. La kwanza, wengi wameanikwa mchangani, kwa hiyo waoshe vizuri. La pili, kukaushwa juani si kupikwa, kwa hiyo wachemshe. Samaki wa aina kadhaa wakiwa wabichi wana kimeng'enya kinachovunja vitamini B1, na moto unakiua. Paka aliyeishiwa B1 utamjua: kichwa kinainama mpaka kidevu kinagusa kifua, anayumba kama mlevi, halafu degedege. Akiwahiwa kwa sindano za vitamini huwa anarudi vizuri. La tatu, dagaa wengi wa pwani na wa Zanzibar huchemshwa kwenye maji ya chumvi kabla ya kuanikwa. Hao waloweke, mwaga maji, ndipo uchemshe. Ng'onda na papa mkavu waacheni kabisa, ile ni chumvi yenye harufu ya samaki.

Jodari naye, mara mojamoja. Paka wanaolishwa jodari na samaki wengine wenye mafuta kila siku, bila vitamini E ya kutosha, hupata ugonjwa wa mafuta ya mwilini kuvimba na kugeuka manjano. Ukimshika tu ubavuni anapiga kelele kwa maumivu.

Maini ni mazuri kwa kipimo. Sisi tukila karoti mwili unatengeneza vitamini A, paka hawezi, anaitegemea ile iliyokwisha kutengenezwa ndani ya ini. Lakini paka anayekula maini kila siku kwa miezi mingi anarundika vitamini A mpaka mifupa ya shingo inaota na kushikana. Anashindwa kugeuza kichwa kujilamba. Kwa kilo moja ya nyama, maini gramu 50 yanatosha.

Sasa mchuzi. Hapa ndipo jiko letu linapogombana na paka. Kitunguu maji na kitunguu saumu vinaharibu chembe nyekundu za damu yake. Gramu 5 za kitunguu kwa kila kilo ya uzito wake zimeonekana kuleta madhara, maana yake paka wa kilo 4 ni gramu 20, kipande cha kitunguu tu. Kupika hakusaidii, kukausha na kusaga hakusaidii. Ule ugali uliochovya kwenye rosti ya nyama, kitunguu hukioni lakini kimo. Dalili huchelewa siku kadhaa: fizi zinapauka, mkojo unakuwa wa rangi ya chai, na mwenye paka ameshasahau alimlisha nini. Kwa hiyo mtengee nyama yake kabla hujakaanga vitunguu.

Mengine nayapita haraka. Maziwa ya ng'ombe yanawaharisha paka wengi wakubwa. Mifupa ya kuku iliyopikwa inapasuka vibanzi, usimpe. Chokoleti ni sumu. Unga ulioota ukungu usiseme "basi tuwape wanyama". Sumukuvu, ile sumu inayotokana na ukungu, haichagui, na jirani zetu wa Makueni na Kitui wanaijua: mwaka 2004 mahindi yenye sumukuvu yaliua watu 125 mashariki ya Kenya. Na ingawa si chakula, kwa kuwa watu huificha ndani ya chakula, naisema: Panadol inaua paka. Nusu kidonge kinatosha kumuua. Ini lake halina njia ya kuiondoa.

Kuna mama hapa ananiuliza mbona paka wake anaiba maandazi, si anapenda sukari? Hapana, mama. Mwaka 2005 watafiti wa kituo cha Monell, Philadelphia, walionyesha kwamba jeni ya kipokezi cha utamu kwa paka imekufa. Sukari haionji. Nadhani anafuata yale mafuta.

Haya, chungu. Andikeni. Nyama ya paja la kuku bila mifupa, gramu 700. Moyo, gramu 250. Maini, gramu 50. Yai moja lililopikwa. Chemsha kwa maji machache, usikaushe supu. Katakata au saga. Ganda la yai lililooshwa na kukaushwa kwenye moto, lisage mpaka liwe unga kama wa sembe, tia kijiko kimoja cha chai kwa chungu chote hicho. Ukitaka kuchanganya wali kidogo, changanya, haumdhuru, ila usivuke kijiko kikubwa kwa mlo. Paka wa kilo 4 atakula kama gramu 150 kwa siku, ugawe mara tatu. Dagaa waliochemshwa mpe siku mbili kwa wiki.

Lakini nisiwauzie mbuzi kwenye gunia. Chungu hiki ni bora mara nyingi kuliko ugali, ila hakijakamilika. Mwaka 2019 watafiti wa Davis walichapisha matokeo ya mapishi 114 ya paka waliyoyakusanya vitabuni na mitandaoni, mengine yameandikwa na madaktari wa mifugo. Katika yale yaliyoweza kupimwa, hakuna hata pishi moja lililotimiza virutubisho vyote. Kwa hiyo mwenye kutaka kulisha cha nyumbani tupu, miaka yote, amwone daktari ampangie na unga wa taurini na vitamini. Asiyeweza, achanganye: nusu chungu, nusu chakula cha paka cha dukani kilichoandikwa kuwa ni mlo kamili. Na kiwe cha paka. Cha mbwa ni rahisi, najua, lakini mbwa hahitaji taurini kama paka, na chakula chake hakikutengenezwa kwa hesabu hiyo.

Maswali mawili ya mwisho. Kaka anasema alibadilisha chakula na paka amegoma kula siku ya tatu leo. Rudisha cha zamani leo hii hii. Paka mnene akikaa siku chache bila kula, mafuta yanavamia ini na anaweza kufa. Mabadiliko ni ya siku kumi: kijiko kimoja cha kipya leo, viwili kesho kutwa, unakwenda naye hivyo.

Na dada pale, unasema dume lako linaingia kwenye mchanga mara kwa mara, linachuchumaa, linalia, halitoi kitu, tangu asubuhi? Hilo si tumbo kufunga, dada. Huo ni mkojo umeziba. Paka wanaokula vikavu na kunywa maji kidogo, madume hasa, wako hatarini, na kibofu hakisubiri kesho. Kamchukue sasa hivi umlete kliniki, mimi natangulia kufungua.