Nyuma ya picha andika jina: mhadhara kwa wanakikundi wapya wa sanaa

Shikamooni wazee wangu mliokaa mbele, na nyie vijana mambo vipi. Asanteni kwa kunialika. Nimeambiwa wengi hapa ndo mnaanzisha kikundi, kuna wachoraji, kuna wachongaji, nimeona na kina dada wa batiki pale pembeni, safi sana. Mmeniomba niongelee kikundi cha sanaa kinafanya nini na wasanii wake wanaishije humo ndani, na mi nimeona nisiongee juu juu, twende wote mpaka Oysterbay pale Morogoro Stores, manake kikundi cha uchoraji cha hapa Dar ambacho dunia inakijua kuliko vyote kimekulia pale. Na kitu ninachotaka mkibebe leo ni hiki: kikundi ndicho kilichoiokoa sanaa ya Tingatinga, ile michoro ya wanyama wa rangi kali, isife, na kikundi hichohicho kimeyafunika majina ya watu wengi walioifanya. Yote mawili ni kweli kwa pamoja, na nyie mnaoanza sasa mna nafasi ya kuchukua la kwanza na kulikwepa la pili.

Edward Saidi Tingatinga alizaliwa Tunduru mwaka 1932. Akaenda Tanga kwenye mkonge kama vijana wengi wa kusini wa wakati ule, afu akaingia Dar, akafanya kazi za bustani, vibarua, hiki na kile, mpaka mwaka 1968 hivi ndo akashika brashi. Hakusomea popote. Alichukua masonaiti, yale mabao ya kujengea, akayakata mraba, karibu futi mbili kwa mbili, na rangi aliyotumia ni ile ya mafuta ya kupakia baiskeli. Hapo naomba mchoraji yeyote aliyepo asikilize vizuri, kwa sababu watu huwa wanasema tu "aa, mtindo wa Tingatinga, wanyama wenye madoadoa" bila kujiuliza ule mtindo umetoka wapi. Umetoka kwenye rangi yenyewe! Rangi ya baiskeli ni nzito na inang'aa, ukianza kuivuruga mbichi na nyingine ubaoni inakuharibikia, kwa hiyo unapaka moja, unasubiri ikauke, unapaka inayofuata juu yake, na kila rangi inakaa peke yake na mpaka wake. Ndo maana chui wa Tingatinga anasimama mbele ya anga tupu, hana kivuli, amekaa wazi kabisa unamwona yote. Ule umaskini wa vifaa aliugeuza kuwa lugha yake, na mi namheshimu mno kwa hilo.

Mkewe Agatha alikuwa anauza zile picha pale Morogoro Stores, wateja wengi ni wageni waliokuwa wanaishi maeneo yale. Biashara ikachanganya, na mzee hakujifungia na ujuzi wake, akaita ndugu. Akina Kasper Henrik Tedo, January Linda, Adeusi Mandu, Ajaba Abdallah Mtalia, Omari Amonde, Simon Mpata, hawa ndo wa mwanzo, wengi wao ni damu yake au watu wa kwao kusini. Halafu mwaka 1972 polisi wakampiga risasi wakidhani ni mhalifu anakimbia. Akafa. Hebu fikiria, miaka minne tu ya kuchora, miaka minne! Angekuwa ni msanii anayechora peke yake chumbani leo tusingekuwa na cha kuongea hapa, labda picha chache kwenye nyumba za watu Ulaya na basi.

Lakini wale ndugu hawakutawanyika. Walibaki palepale, wakaendelea kuchora pamoja na kuuza pamoja, wakaanza na ubia wa kawaida, na mwaka 1990 wakawa ushirika kamili. Watoto wakaja, wapwa wakaja, mtu anatoka kijijini Tunduru anafikia kwa mjomba na mjomba ni mchoraji, basi wiki inayofuata na yeye ana brashi mkononi.

Jinsi wanavyofundishana ndo inanivutia kuliko yote. Hakuna ada, hakuna cheti. Anayeanza anapewa kazi ya bakgraundi, kupaka kitambaa chote rangi ya chini, kutoka nyeusi kwenda bluu kwenda nyeupe, au njano kwenda nyekundu ya machweo, na hiyo si kazi ndogo kama unavyofikiria, ukiivuruga hiyo picha nzima imekwenda. Kisha anajazia rangi ndani ya michoro aliyochora mwingine, anaweka madoa, doa juu ya doa, doa la kati dogo zaidi, mkono unazoea. Mwisho kabisa ndo anachora mnyama wake mwenyewe. Siku hizi masonaiti imepungua, wanatumia kitambaa cha pamba kilichovutwa kwenye fremu ya mbao, kwa sababu mtalii anataka kitu cha kukunja aweke kwenye begi apande nacho ndege. Hata hilo limebadilisha sanaa, ubao una uzito wake na mng'ao wake, kitambaa kinakunywa rangi.

Na shughuli hazikuishia kuchora na kuuza. Wanapokea oda, wanapaka sahani, trei na vitu vidogo vya zawadi, wanafundisha wageni darasa la saa chache ili mtu aondoke na picha aliyojaribu mwenyewe. Nyie mnaoanza msiyadharau haya madogomadogo, kwa sababu picha kubwa inaweza kukaa ukutani miezi bila mteja, na msanii anakula kila siku.

Sasa tuje kwenye upande unaouma.

Ukipita kwenye maduka ya vinyago na picha hapa mjini utakuta twiga walewale, simba walewale, Kilimanjaro ileile, zimechorwa na mikono kumi tofauti. Watu wa nje wanasema hao wanaibiana. Mi sikubaliani nao moja kwa moja, manake ndani ya kikundi kuiga ndo shule yenyewe, mmoja akitoa picha mpya ikauzika wenzie wanaichora, kila mmoja anaongeza kitu, na kuna picha zimekuwa nzuri zaidi kwa sababu zimepita mikono mingi. Tatizo linaanza pale ambapo hakuna anayekumbuka nani aliitoa ya kwanza. Bei inashuka kwa sababu ipo kila duka, na yule aliyeumiza kichwa usiku akabuni anabaki anashindana na kopi za kazi yake, na hana hata karatasi ya kuonyesha kwamba ilianzia kwake.

Lakini angalia waliopenya. David Mzuguno ukiona misitu yake iliyoshonana majani na ndege huhitaji kuambiwa ni yeye. Mohamed Charinda alichora hadithi, mambo ya kijijini, mashetani, unasimama mbele ya picha kama unasimuliwa. Maurus Malikita na picha zake zilizojaa watu mpaka hujui uanze kuangalia wapi. Simon Mpata alihamia Kenya, na kule Japani watu wanamjua pengine kuliko sisi tunavyomjua. Hawa wote wametoka kwenye mbinu ileile, rangi zilezile, lakini kila mmoja ana mkono wake. Kikundi hakikuwazuia kuwa wao. Swali langu ni wangapi wengine walikuwa na mkono wao na hatuwajui kwa sababu nyuma ya picha hapakuandikwa kitu, na risiti ilisema tu "Tingatinga"?

Na sahihi yenyewe ni kesi. Picha halisi za mzee Tingatinga ni chache kwa sababu alichora muda mfupi, zikawa na thamani kubwa nje, matokeo yake kuna picha zina jina lake ambazo hakuzichora yeye. Kwa hiyo jina la mwanzilishi limeandikwa kwenye kazi za wengine, na wale wengine wamepoteza majina yao hapohapo. Inaniumiza sana hii.

Kulikuwa na njia nyingine pia hapahapa Dar. Nyumba ya Sanaa, ilianza mwaka huohuo wa 1972, sista mmoja Mmarekani Jean Pruitt alikusanya vijana wenye vipaji wakapewa vifaa na mahali pa kufanyia kazi. Pale ndo alipotokea George Lilanga, Mmakonde wa Masasi, aliingia kama mlinzi wa jengo, akaonekana ana mkono, mpaka anafariki mwaka 2005 kazi zake zilikuwa zimezunguka Ulaya, Marekani na Japani. Na akina Robino Ntila, Patrick Imanjama, Augustino Malaba wote walipita pale. Jengo halipo tena leo, lakini hayo majina tunayataja, na tunayataja kwa sababu kila mtu alitambulika na kazi yake. Baadaye mwaka 2008 ikaja Nafasi Art Space kule Mikocheni, wasanii wana studio kwenye makontena, uanachama upo, jirani yako yupo hatua mbili unaweza kwenda kumuuliza kitu, lakini ukiingia kontena la fulani unajua ni la fulani. Kwangu mimi huo mchanganyiko ndo mzuri zaidi kwa kikundi kipya, paa la pamoja na majina tofauti.

Sheria nayo muijue kidogo, sitawachosha. Tuna Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999. Mchoro wako unalindwa maisha yako yote na miaka 50 baada ya kufa. Mtindo haulindwi, mtu yeyote anaruhusiwa kuchora chui wa madoadoa, kinacholindwa ni picha yako uliyoichora. Na hapa wengi wanaumia: ukiuza picha umeuza kile kitambaa na rangi iliyopo juu yake, hujauza haki ya kuitoa kopi kwenye fulana, vikombe na kalenda, hiyo mpaka mwandikiane. Namjua kijana aliyeuza picha moja kwa hela ya kula, baadaye akaikuta imechapishwa kwenye bidhaa za kampuni fulani, akaenda kulalamika wakamuuliza una ushahidi gani kwamba ni yako, hakuwa nao. Hakuwa na picha ya simu, hakuwa na tarehe, hakuna kitu.

Kwa hiyo shughuli ya kwanza ya kikundi chenu naomba iwe daftari. Kabla ya kuchagua mwenyekiti, kabla ya kugombania jina la kikundi. Kila kazi ikikamilika inapigwa picha na simu, inaandikwa namba, aliyechora, aliyemsaidia, tarehe, vifaa, ukubwa, na ikiuzwa aliyenunua ni nani na kwa bei gani. Nyuma ya picha penseli inatosha, jina, mwaka, na kikundi. Jina la mtu linatangulia, la kikundi linafuata. Ni dakika tano.

Halafu ndo mwende kwa afisa maendeleo ya jamii mjiandikishe, na BASATA, lile Baraza la Sanaa la Taifa, kama wasanii, na hakimiliki msajili kazi zenu COSOTA, ile ofisi ya hakimiliki. Halmashauri zina ile mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani, 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu, haina riba, lakini wanakopesha kikundi kinachoeleweka, na daftari la mauzo ndo litawasemea pale. Mkikua mkataka kuwa ushirika kama wale wa Oysterbay basi huko kila mwanachama ana kura moja, fundi mkongwe na aliyejiunga jana wako sawa, na mi naipenda hiyo kanuni kwa wasanii kwa sababu umaarufu hauchelewi kumfanya mtu mmoja awe na sauti ya kikundi kizima.

Kuna dada wa batiki ameinua mkono tangu mwanzo, samahani dada, uliza.

Sawa, wameisikia? Anauliza kitenge kimoja cha batiki kinapita kwa watu watatu, mmoja anachora, mmoja anamwaga nta, mmoja anachovya rangi, sasa jina linaandikwa la nani. Swali zuri sana hilo, na hata Lilanga alikuwa na wasaidizi, ndugu zake na vijana waliomsaidia kuchora na kujazia rangi, na leo watu wa makumbusho wanahangaika kutenganisha nani alifanya nini. Andikeni wote watatu. Aliyebuni anatangulia, afu mwingine na kazi yake, "nta fulani, rangi fulani". Na mgao wa pesa ufuate maandishi hayohayo, mkubaliane asilimia kabla nguo haijaingia sokoni, sio baada ya mteja kutoa hela, manake hela ikishakaa mezani kila mtu anaona yeye ndo alifanya kazi ngumu zaidi. Na kikundi kikate kiasi kidogo cha kununua vifaa vya mwezi ujao, hicho nacho kiandikwe.

Haya, kaka pale dirishani na wewe uliza, afu tumsikie na mzee hapa mbele, yeye amechonga mpingo tangu hatujazaliwa wengine.