Don Dunstan: wakili aliyeiandika upya sheria ya jimbo lake

Waheshimiwa walimu, na ninyi wanafunzi wa sheria mliojaa mpaka mlangoni, asanteni kwa kuja.

Niliombwa nizungumzie wanasheria walioingia kwenye siasa. Nadhani wengi mlitegemea ningewaleta Gandhi au Mandela. Mimi nimemchagua mtu ambaye hakuwahi kuongoza nchi. Don Dunstan alikuwa waziri mkuu wa jimbo tu, jimbo la Australia Kusini, ambalo makao yake ni Adelaide. Nimemchagua makusudi. Australia ni shirikisho, na polisi, kesi nyingi za jinai, shule, hospitali, hata saa za kufunga baa, vyote viko mikononi mwa majimbo. Ukitaka kuona sheria ikimfikia mwananchi wa kule mlangoni kwake, usiishie Canberra, kwenye serikali ya shirikisho.

Dunstan alizaliwa Suva, Fiji, mwaka 1926, wazazi wake wakiwa Waaustralia. Fiji ile ilikuwa koloni la Waingereza, na Wahindi walioletwa kulima miwa, wenyeji na Wazungu waliishi kila mtu kwa daraja lake. Alisoma sheria Adelaide, akarudi Fiji kufanya uwakili kwa muda, kisha akahamia Adelaide moja kwa moja. Mwaka 1953, akiwa na miaka 26, alichaguliwa kuwa mbunge wa Norwood katika bunge la jimbo, kwa chama cha Labor.

Bunge aliloliingia lilikuwa limeshapangwa ili chama chake kisishinde. Thomas Playford, waziri mkuu wa jimbo kutoka upande wa pili, alikuwa madarakani tangu 1938, na aling'oka 1965 tu. Viti vilikuwa 39, na 26 kati yake vilikuwa vya mashambani, wakati watu wengi waliishi Adelaide. Kura zilihesabiwa kwa uaminifu, hakuna sanduku lililoibwa. Dhuluma ilikuwa kwenye ramani ya majimbo ya uchaguzi, tena ramani ya halali kabisa kisheria. Naomba mlishike hilo.

Sasa nataka tukae kidogo na kesi moja. Desemba 1958, katika mji mdogo wa Ceduna, mtoto wa kike wa miaka tisa aliuawa. Polisi walimkamata Rupert Max Stuart, Mwaborijini, yaani mwenyeji wa asili wa Australia, wa watu wa Arrernte, aliyekuwa kibarua kwenye maonyesho ya burudani yanayohama mji hadi mji. Akahukumiwa kunyongwa, na ushahidi mkubwa dhidi yake ulikuwa maelezo ya kukiri kosa. Maelezo yale yalikuwa kwa Kiingereza kilichonyooka, sentensi zimepangwa kama za ofisa anayeandika ripoti kituoni. Stuart hakuwa mtu wa kusoma na kuandika, na Kiingereza chake kilikuwa cha kuokoteza. Mtaalamu wa lugha T. G. H. Strehlow, aliyekua akizungumza Kiarrernte tangu utotoni, alikwenda gerezani kuzungumza naye, akaapa kwamba maneno yale hayawezi kuwa ya Stuart.

Kelele zikaanza. Gazeti la The News, la kijana Rupert Murdoch, likaishikia bango kesi hiyo, na bungeni Dunstan akawa miongoni mwa walioibana serikali. Playford akakubali kuunda tume ya uchunguzi mwaka 1959. Lakini mmoja wa makamishna alikuwa jaji aliyeendesha kesi yenyewe, na mwingine ni jaji mkuu aliyesikiliza rufaa! Watu wawili waliitwa kuikagua kazi ya mikono yao. Tume ilisema hukumu ilikuwa sahihi. Stuart hakunyongwa, adhabu ilibadilishwa kuwa kifungo cha maisha. Sisimami hapa kuwaambia kwamba hakuua. Nasema kwamba mtu alikaribia kitanzi kwa maneno ambayo hakuna aliyethibitisha kuwa ameyatamka, na wakili kijana aliyeketi upande wa upinzani aliyaona yote hayo kwa karibu.

Labor waliposhinda 1965, Dunstan akawa mwanasheria mkuu wa serikali, na hakupoteza muda. Mwaka huohuo Roma Mitchell aliteuliwa kuwa jaji wa Mahakama Kuu ya jimbo, mwanamke wa kwanza Australia kufika hapo. Mwaka 1966 ikapitishwa sheria ya kwanza nchini humo iliyofanya kuwa kosa kumnyima mtu huduma au kazi kwa sababu ya rangi yake, na nyingine iliyounda amana ya ardhi kwa ajili ya Waaborijini.

Alikuwa waziri mkuu mwaka 1967, akaupoteza wadhifa 1968 ingawa chama chake kilipata zaidi ya nusu ya kura. Aliyempokea, Steele Hall wa upande wa pili, alifanya jambo ambalo bado linanistaajabisha: aliirekebisha ramani ile iliyomweka yeye mwenyewe madarakani. Uchaguzi uliofuata, 1970, Dunstan akashinda viti 27 kati ya 47. Hall anastahili heshima kuliko anayopewa.

Miaka tisa iliyofuata siwezi kuimaliza leo. Baraza la juu la bunge la jimbo, ambalo kura zake zilikuwa za wenye mali, lilifunguliwa kwa kila mtu mzima mwaka 1973. Mapenzi ya jinsia moja yaliondolewa kwenye orodha ya makosa ya jinai 1975, jimbo la kwanza kufanya hivyo, baada ya mhadhiri wa sheria George Duncan kutupwa mtoni Torrens na kufa maji. Mwaka 1976 hukumu ya kifo ilifutwa, na Sir Douglas Nicholls akawa Mwaborijini wa kwanza kuwa gavana wa jimbo, yaani mwakilishi wa Malkia Elizabeth. Februari 1979 Dunstan alijiuzulu akiwa mgonjwa, miezi michache baada ya kumzika mkewe, Adele Koh.

Lakini nimeruka jambo moja kwa makusudi. Januari 1978 alimfukuza kazi kamishna wa polisi, Harold Salisbury. Kitengo cha siri cha polisi kilikuwa na mafaili ya wanasiasa, majaji na watu wa vyama vya wafanyakazi, na kamishna aliipotosha serikali kuhusu mafaili hayo. Salisbury alijitetea kwamba wajibu wake ni kwa Malkia na kwa sheria, si kwa wanasiasa. Tume iliyoongozwa na Roma Mitchell iliona kwamba kumfukuza kulikuwa halali. Mimi nakubaliana nayo kabisa: polisi asiyewajibika kwa waliochaguliwa hana wa kumwajibisha. Najua wapo humu wanaoogopa, tena kwa sababu nzuri, siku ambayo kila mwanasiasa ataweza kumfukuza kamishna asiyempenda. Ndiyo maana nataka maswali tuanzie hapo. Naona mkono umeshanyooshwa kule nyuma, karibu, dada.