Kitufe cha Stop kiko nje ya lupu: kusaidiana kwenye LabVIEW, tukiwa Kigoma

MPWA: Karibuni tena, wasikilizaji. Tupo Mwanga, Kigoma mjini. Dirisha tumefunga lakini bajaji haziombi ruhusa, kwa hiyo mtatuvumilia. Shangazi, shikamoo.

SHANGAZI: Marahaba, baba. Za tangu juzi?

MPWA: Njema tu. Leo tunaongelea kusaidia wenzetu mtandaoni kwenye LabVIEW. Kwa mgeni aliyeingia leo: hii ni programu ya kutengenezea programu ambayo huandiki mistari, unachora. Unaweka viboksi, unaviunganisha kwa nyaya, basi.

SHANGAZI: Na wala si kitu cha jana. Ilitoka 1986 kwenye kompyuta za Macintosh. Kampuni ni National Instruments ya Austin, Texas, na anayetajwa kama baba wa kazi ile ni Jeff Kodosky. Mwaka 2023 kampuni ikanunuliwa na Emerson. Lakini watu wa maabara na wa viwanda, wale wanaoshinda wanapima vitu, bado wamo humo. Hata vizuizi vinavyosafisha mwale wa chembe kwenye mashine kubwa ya CERN, kile kituo cha utafiti wa fizikia cha Ulaya, ile LHC inayogonganisha chembe, vinaendeshwa kwa LabVIEW.

MPWA: Wao chembe, sisi joto la dagaa.

SHANGAZI: Kupima ni kupima. Endelea.

MPWA: Tuanze na yule kijana wa Kibirizi. Jina tunaliacha. Anatengeneza kikaushio cha dagaa, maana mvua zikianza vile vichanja vya nje havikaushi kitu. Ameweka vipima joto na feni, kompyuta inasoma, joto likizidi feni inawaka. Akaja kwenye kundi letu na ujumbe huu: “Shikamooni wakubwa, poleni na majukumu, samahanini sana kwa usumbufu, naombeni msaada wenu, programu yangu haisimami.” Na picha moja.

SHANGAZI: Picha ya skrini iliyopigwa kwa simu. Mwanga wa flashi katikati, dole gumba pembeni.

MPWA: Mimi nilitaka kumjibu palepale: kitufe chako cha Stop kiko nje ya lupu, kiingize ndani. Lupu, kwa mgeni, ni lile boksi kubwa linalorudia kazi iliyo ndani yake mpaka liambiwe liache.

SHANGAZI: Ulijuaje kiko nje? Palepale kwenye kitufe ndipo flashi ilipopiga.

MPWA: Uzoefu, shangazi. Programu ambayo haisimami, mara nyingi ni hilo.

SHANGAZI: Mara nyingi si mara zote. Angeweza kuwa na lupu mbili na kitufe kimoja. Angeweza kuwa na kazi ndani ya lupu inayosubiri kifaa kijibu na kifaa chenyewe hakijachomekwa. Dalili ni hiyohiyo, anabonyeza Stop na hakuna kinachotokea. Ukimjibu kwa kukisia ukakosea, atavuruga kilichokuwa kizima, halafu kesho unasaidia matatizo mawili.

MPWA: Haya, waeleze ulichofanya.

SHANGAZI: Nilimwomba faili. Si picha, faili. Nikamwambia aniandikie alitegemea nini kitokee na nini kimetokea. Hayo tu.

MPWA: Akasema bando limeisha.

SHANGAZI: Na hapo ndipo vijana wengi hawajui. Faili la programu ndogo ya LabVIEW ni kilobaiti chache, makumi kwa kawaida. Picha ya simu ni megabaiti nzima, wakati mwingine mbili tatu. Aliyetuma picha ndiye aliyemaliza bando! Faili lingepita kwa salio lililobaki.

MPWA: Likaja. Na kweli, kitufe kilikuwa nje ya lupu.

SHANGAZI: Usicheke.

MPWA: Sicheki, natabasamu.

SHANGAZI: Sasa sikilizeni nilichomwambia. Sikumwambia “hamisha kitufe”. Nilimwambia: juu kwenye dirisha la mchoro kuna alama ya balbu. Iwashe, halafu endesha programu uangalie nyaya. Ukiwasha ile balbu, kompyuta inakwenda polepole, na unaona kila data kama kidoti kinachotembea kwenye waya kutoka boksi moja hadi jingine. Akaona kidoti kinatoka kwenye kitufe, kinaingia kwenye ukuta wa lupu mara moja, basi. Lupu inazunguka na kuzunguka, hakuna kidoti kingine kinachokuja. Akaandika mwenyewe: “Kumbe kinasomwa kabla lupu haijaanza!”

MPWA: Tuwaeleze kwa nini. LabVIEW haisomi mchoro kutoka juu kwenda chini kama barua. Boksi linafanya kazi pale tu vitu vyake vyote vinavyoingia vimeshafika. Kama daladala ya Ujiji pale stendi, haiondoki mpaka ijae. Na lupu nzima nayo ni boksi. Kilichoko nje kikishaingia, kimeingia kilivyo. Kama kitufe kilikuwa kinasema “hapana” wakati lupu inaanza, lupu itaendelea kuona “hapana” hata ukikibonyeza mpaka kidole kiume.

SHANGAZI: Hapo umesema vizuri. Na kijana akishaliona hilo kwa macho yake, siku akiweka kiwango cha joto nje ya lupu na kushangaa mbona akikibadilisha feni haisikii, hatakuja kuuliza. Ni ugonjwa uleule.

MPWA: Lakini shangazi, mimi nina upande wangu. Yule kijana alikuwa na dagaa mbichi ndani ya kikaushio. Wewe unamwambia awashe balbu, aangalie vidoti. Samaki anasubiri?

SHANGAZI: Dagaa walikuwepo kweli?

MPWA: Walikuwepo. Aliniambia pembeni.

SHANGAZI: Basi hilo alipaswa kulisema hapo mwanzo badala ya shikamoo nne. Kama mzigo uko ndani, namwambia aisimamishe kwa kitufe chekundu cha pale juu, awashe feni kwa mkono, aokoe mali yake, halafu jioni tukae na balbu. Sina ugomvi na hilo.

MPWA: Na wanafunzi?

SHANGAZI: Mwanafunzi aliyepiga picha swali la mwalimu akalitupa kwenye kundi lilivyo, hapana. Anionyeshe alichojaribu, hata kama ni lupu tupu. Na hapa wewe na mimi hatutaelewana, maana najua unawapa.

MPWA: Nawapa mfano, si jibu.

SHANGAZI: Mfano wako una jina la zoezi lao juu yake.

MPWA: Tuendelee jamani. Kuna ile picha yenye kodi ndani, yaani mchoro wenyewe wa programu, wengi hawaijui.

SHANGAZI: Hiyo ni tamu. Unachagua sehemu ya mchoro wako, unaingia menyu ya Edit, unachagua Create VI Snippet from Selection. Inatoka picha ya PNG, ukiiangalia ni picha ya kawaida tu. Lakini mwenzako akiivuta na kuiachia kwenye mchoro wake, inageuka kodi hai, na nyaya zake zote.

MPWA: Halafu mtu anaituma WhatsApp kama picha.

SHANGAZI: Na WhatsApp inaikandamiza, kodi yote inapotea, kinabaki kivuli. Mwenzake anavuta, anavuta, hakuna kitu, analaumu kompyuta. Itume kama dokumenti. Bonyeza kile kibanio cha karatasi, chagua dokumenti, hapo itafika nzima.

MPWA: Na toleo. Mtu ana toleo jipya, anayemsaidia ana la zamani, faili linakataa kufunguka.

SHANGAZI: La zamani halifungui la jipya, hilo halina mjadala. Kwenye menyu ya File kuna Save for Previous Version, tumia hiyo, na useme wewe unatumia toleo la mwaka gani. Tangu 2009 yanaitwa kwa mwaka, kwa hiyo si kazi kukumbuka. Na kabla hujahifadhi, kama tatizo lako ni namba za ajabu kwenye grafu, nenda Edit, Make Current Values Default. Usipofanya hivyo, mimi nikifungua faili nakuta grafu tupu, namba zako zimebaki kwako.

MPWA: Hilo la mwisho hata wakongwe wanalisahau.

SHANGAZI: Wakongwe wana lao jingine, na hili linaniudhi kuliko picha za flashi. Mtu anauliza swali moja dogo, mkongwe anachukua mchoro wake, anaubomoa, anaujenga upya kwa ustadi wake wote, anamrudishia. Kazi safi! Nyaya zimenyooka, kila kitu mahali pake. Mwenye mchoro anaufungua hatambui hata boksi moja. Sasa huo ni msaada au maonyesho?

MPWA: Wengine wanamwambia mgeni, “Panga upya kwa mashine ya hali,” yaani agawe kazi yote katika hatua, programu iwe inahama kutoka hatua moja hadi nyingine. Mtu ana wiki moja kwenye LabVIEW!

SHANGAZI: Ushauri wenyewe ni mzuri. Muda ndio si wake. Rekebisha alichouliza ndani ya mchoro wake mwenyewe, zungushia duara pale ulipogusa, andika sentensi mbili kwa nini. Kama unaona nyumba nzima imepinda, mwambie baadaye, akishapumua.

MPWA: Tuguse na lugha kidogo. Ukitoka kwenye kundi letu ukaenda kwenye jamii kubwa ya kimataifa, huko ni Kiingereza, na majibu ni mafupi. “Weka faili.” Mtu wa huku anaona ametukanwa.

SHANGAZI: Hajatukanwa. Yule mzee wa Ujerumani au wa Marekani anajibu bure, usiku wake, na hana habari kwamba huku swali huanza na kuuliza hali. Chukua neno lake, tuma faili. Ila na sisi tusiige ukavu huo nyumbani. Kwenye kundi letu mtu akisema shikamoo, itikia marahaba, halafu muombe faili. Sekunde mbili hazikuui.

MPWA: Nimalizie na dada wa mawese. Ana kinu kidogo, anapima joto la mafuta, anataka wastani. Kila akiendesha programu upya wastani unaanzia pale ulipoishia jana.

SHANGAZI: Shifti rejista isiyopewa thamani ya kuanzia. Ile inabeba kitu kutoka mzunguko mmoja wa lupu kwenda mwingine. Usipoiunganishia waya upande wa kushoto kuipa sifuri, inakumbuka ya mwisho mpaka programu ifungwe na kutoka kwenye kumbukumbu. Wengine wanautumia ukumbukaji huo makusudi, kwa hiyo usimwambie ni kosa tu. Mwulize kwanza alitaka nini.

MPWA: Nilimwuliza, akaweka sifuri, ikakaa sawa. Halafu akapotea.

SHANGAZI: Eee, hao! Anayepona haagi. Dada, kama unasikiliza, rudi uandike pale kwenye swali lako nini kilikusaidia. Mwenye kinu mwingine atalitafuta swali hilohilo, atakuta maswali yako na ushauri wa watu sita, hajui upi ulifanya kazi.

MPWA: Nitamkumbusha, naonana naye sokoni. Wiki ijayo ni lupu mbili zinazoandika kwenye kihesabio kimoja, na namba zinazopotea bila mtu kuziiba.

SHANGAZI: Njoo na lile faili lako la feni mbili, tulifungue hapahapa.

MPWA: Lile hapana, shangazi.

SHANGAZI: Lilelile. Na hakikisha umeli-save kwa toleo langu.